Nilivyouza Makuti Mlangoni Pangu

Mliniacha Jumamosi iliyopita nimesimama mlangoni pa nyumba yangu ya Kisauni, mzigo wa makuti kichwani, na mwanamke nisiyemjua akitoka jikoni mwangu akijipangusa mikono kwa leso.

Kwa asiyesoma sehemu za nyuma, nitasema kwa ufupi. Naitwa Nyamvula, wa Ribe. Shule niliiacha darasa la tatu baba alipofariki. Aliniachia minazi aliyoipanda mwaka niliozaliwa, na hiyo ndiyo mali yangu yote duniani.

Kaka yangu Erastus alipoachishwa kazi bandarini baada ya ule mgomo wa wafanyakazi, alikuja na shauri. Tununue nyumba iliyochakaa Kisauni, tuitengeneze, tuwauzie watu wa bara wanaotafuta pa kukaa, tugawane faida. Mama akatoa mbuzi wake. Erastus akatoa ufundi wake. Mimi nikaiweka minazi rehani kwa Mzee Ruwa mpaka masika. Masika ikifika sijaikomboa, ni yake.

Tulitoa boriti zilizooza tukatia mpya. Bati lilikuwa bado adimu tangu vita, basi Erastus akapasua madebe akayanyoosha, yakawa paa la mbele. Kuta zote nilizikandika mimi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo msomaji wa bara huenda halijui. Nyumba ilikuwa yetu, lakini ardhi ni ya Bi Mwanasaumu. Nyumba za namna hiyo hazina karatasi. Anayepeleka kodi ya ardhi kila mwezi na kuitika jina lake pale barazani, huyo ndiye mwenye nyumba. Ukitaka kuuza, mnakwenda wote kwa mwenye ardhi, wewe na mnunuzi. Akisema "Naam, namjua," imekwisha.

Nyumba ilitajwa kwa jina langu, kwa sababu Erastus alikuwa akidaiwa kila duka na aliogopa isije ikakamatwa. Na kodi alikuwa akiipeleka wifi yangu Mapenzi, mke wa Erastus. Mimi niliona haya. Baraza la Bi Mwanasaumu halikosi watu. Nilikuwa nikimsindikiza wifi mpaka kwenye kona ya ua, nikimngoja pale huku nikitazama chini.

Sasa turudi mlangoni.

"Makuti hayo unauzaje?" yule mwanamke akaniuliza.

Nikautazama mlango, nisije nikawa nimekosea nyumba.

"We, bubu? Nauliza makuti. Jiko letu linavuja, na bwana wangu hajaacha kunung'unika tangu tuhamie."

Jiko letu! Ndugu zangu, mtu mwingine angeutupa mzigo chini akapiga mayowe mpaka mtaa wote ukajaa. Mimi nilitaja bei.

Nilitaja bei, tena ya chini. Akanilipa. Akaniambia niyapeleke nyuma, nikayapeleka. Akaniomba nimfungie machache pale panapovuja, nikapanda juu ya kigoda changu mwenyewe nikayafunga.

"Una mkono mwepesi," akasema. "Naona umezoea."

"Nimezoea."

"Mimi naitwa Mwikali. Ukipata mengine, usipeleke kwingine. Leta hapa."

Nilikuwa nimempa mgongo, na mgongo ndio ulionipa ujasiri. Nikauliza, "Mama, nyumba hii ya nani?"

"Yetu. Kioko, bwana wangu, kainunua juzi. Yeye ni mtu wa reli, kule Changamwe."

"Kainunua kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Msichana wa Ribe, anaitwa Nyamvula."

Kamba ikaniponyoka mkononi.

"Unamjua?" akauliza.

"Nimemsikia."

"Mcheshi huyo! Alinichekesha mpaka nikashika mbavu. Aliniambia kuta hizi alizikandika yeye, na kila ukuta aliuimbia wimbo wake. Eti ule wa chumbani aliuimbia wimbo wa kanisani, ndiyo maana umenyooka."

Hapo nikajua mambo mawili. Kwanza, Nyamvula huyo si mimi, kwa sababu mimi sijapata kumchekesha mtu tangu nizaliwe. Pili, huyo aliyeyasema ananijua. Ni kweli nilikuwa nikiimba nikikandika. Lakini siimbi mbele za watu. Niliimba nikiwa peke yangu, au nikiwa na mtu mmoja tu.

Huyo mmoja sikumdhania. Nilikataa kumdhania.

Nikaenda Frere Town, wanakopanga chumba Erastus na mkewe. Nilimkuta Mapenzi nje anakaanga mihogo ya kuuza, tumbo lake la mimba limeanza kumsukuma mbali na jiko.

"Wifi!" akasema. "Mbona umerudi mapema? Si ulisema unakwenda Ribe kufuata makuti, hutarudi mpaka wiki ijayo?"

"Nyumba imeuzwa, wifi."

Akaacha kugeuza mihogo. "Imeuzwa na nani?"

"Na mimi."

"Heh!"

"Ndivyo wanavyosema. Imeuzwa na Nyamvula."

Mapenzi akajishika kichwa. Akanivuta, akanikalisha juu ya kinu, akanifuta jasho kwa leso yake. Leso ilikuwa mpya, bado inanuka duka.

"Maskini wifi yangu. Kaka yako huyo! Nilijua tu ana jambo. Mtu hana kazi, ghafla anakuja nyumbani amevaa viatu vinavyolia kama bata! Nimemuuliza, akanitolea macho. Sasa naelewa."

"Yuko wapi?"

"Ningejua ningekaa hapa na mihogo?"

"Basi twende kwa Bi Mwanasaumu."

"Leo?" Akacheka kidogo. "Leo hapana, wifi. Nitakwenda mimi kesho. Wewe barazani utaweza nini? Utasimama pale usiseme neno, watu wakutazame. Niachie mimi. Nitakusemea kama siku zote."

Siku zote nilikuwa nikijibu, haya wifi. Siku hiyo, sijui ni nini kilinipata, nilisema, "Hapana. Nakwenda mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Nitasema jina langu."

Mihogo ikaanza kuungua, na Mapenzi hakuitazama. Huyu ni Mapenzi ambaye akipotelewa na kipande kimoja cha muhogo humtukana mpita njia. Nikainuka nikaenda zangu. Nilimsikia akiniita, wifi, ngoja, wifi, mpaka nilipokata kona.

Bi Mwanasaumu alikuwa barazani akisuka mkeka, wanawake wawili watatu wa jirani wamemzunguka. Niliiona ile kona yangu ya ua. Miguu ilitaka kwenda huko yenyewe. Nikailazimisha mbele.

"Hodi," nikasema. Nafikiri hakuna aliyesikia.

Bi Mwanasaumu akainua macho, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. Lakini hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Ahaa, Nyamvula! Ndoo hapa, mwanangu, ndoo ukae. Wakimbia nini na hali yako hiyo?"

"Abee," nikaitika.

"Abee, bibi," ikaitika sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa Mapenzi, anahema, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni. Nilimtazama machoni. Yeye alimtazama Bi Mwanasaumu.

"Nimeita mmoja, wameitika wawili," Bi Mwanasaumu akasema. "Ni mzaha gani huu?"

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Nyamvula ni mimi."

"Wasemaje? Sema mtu akusikie."

"Nyamvula ni mimi. Huyu ni wifi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma alete kodi."

"Ulikuwa ukimtuma. Na weye ulikuwa wapi?"

"Pale." Nikaonyesha kona.

"Pale penye kuku?"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Labda alikuwa akitaga."

"Muda wote huo wakaa na kuku," Bi Mwanasaumu akaendelea, "nyumba yauzwa, na leo ndipo waja. Mbona hukuja hata siku moja ukanipa mkono?"

"Naona haya, bibi."

"Haya! Haya za mwenye nyumba!" Akauweka mkeka pembeni. Hakuwa akicheka. "Huyu hapa nimekula naye tende. Huyu alinipa pole nilipofiwa na ndugu yangu. Siku ya kuuza alikaa hapa na kaka yake, akataja jina lake mbele ya watu, nikasema namjua. Weye sikujui."

"Bibi, msimcheke," Mapenzi akasema kwa sauti laini. "Tulimpa kibarua cha kukandika. Kazi imekwisha, na naona nyumba imemkaa rohoni. Hutokea."

"Wifi!" nikasema.

"Mimi si wifi yako, dada."

Hakunitukana. Hakunisukuma. Alilisema kwa upole, kama anavyomwambia mteja kwamba mihogo imekwisha. Hapo sikuweza tena kukataa kumdhania yule mmoja aliyekuwa nami nilipokuwa nikiimba.

Bi Mwanasaumu akatuma watu wamwite Kioko, maana nyumba haiko mbali na pale. Kioko akaja na Mwikali, na pamoja nao akaja Erastus, nyundo mkononi. Kumbe mimi nilipoondoka, yeye alikuwa amekuja kuwatilia mlango wa nyuma aliowaahidi. Viatu vyake vililia kweli.

Moyo wangu ukatulia. Nilisema, pesa amechukua, ni kweli. Lakini ni kaka yangu. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni mto ukijaa, tukienda shule. Anaweza kuninyima fungu langu. Hawezi kuninyima jina langu.

"Erastus," Bi Mwanasaumu akasema, "hapa pana Nyamvula wawili. Dada yako ni yupi?"

Erastus alinitazama. Nataka mjue kwamba alinitazama vizuri, si kwa kupitisha macho. Kisha akatazama viatu vyake.

"Ni huyu," akasema, akamwonyesha mkewe.

"Na huyu?"

"Huyu..." Akakohoa. "Huyu ni wa makuti."

"Kaka," nikasema.

"Kweli kabisa!" Mwikali akadakia. "Ni wa makuti, leo asubuhi kaniuzia. Tena ukanitajia bei, mama. Mbona ulinitajia bei kama nyumba ni yako? Mtu huiuzia makuti nyumba yake mwenyewe?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Pesa zake nilikuwa nazo pale pale, nimezifunga kwenye pindo la leso.

"Mimi nimetoa pesa zangu," Kioko akasema. "Sina ugomvi na mtu. Ninataka tu kujua kama nimenunua kwa mtu au kwa jini."

Bi Mwanasaumu akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Nalitoa neno langu mbele ya watu. Kama nimekosea, hiyo ni aibu yangu, nami sitaki kuzikwa nayo. Erastus, mama yenu yuko hai?"

"Yuko Ribe, bibi."

"Basi na aje Alhamisi asubuhi, hapa hapa. Atakayemtaja kuwa ni Nyamvula wake, pesa za nyumba ni haki yake. Na atakayekataliwa nitampa askari, maana mwanamke kujivika jina la mwenziwe si mchezo."

Alipotaja askari, Mapenzi alijishika tumbo. Erastus aligeuka rangi. Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu mama ni mama.

Najua kuna atakayesema, mbona hukutafuta mashahidi wengine? Niliwaendea majirani wa Kisauni siku ile ile. Nyumba ya kwanza waliniambia, "Twakujua, weye ni yule wa udongo." Ya pili wakaniambia walidhani mimi ni mtumishi wa yule mama mcheshi. Miezi mingapi nimepita mbele yao nikiwa nimeinamisha kichwa! Hakuna aliyeujua uso wangu. Waliijua mikono yangu tu, ikiwa na matope.

Nikashika njia ya Ribe kwa miguu.

Kabla sijafika nyumbani nilipita kwenye minazi yangu. Mgema wa Mzee Ruwa alikuwa juu, anafunga kibuyu. Makubaliano yalikuwa nazi tu, tembo la kugema hapana. Nikasimama chini.

"Nani kakuruhusu kuugema mnazi huo?" nikauliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Si Mzee Ruwa? Kasema mwenye minazi hana nyumba tena ya kuikombolea. Sogea, dada, nisije nikakudondoshea kisu."

Habari ilikuwa imefika Ribe kabla yangu.

Mama alikuwa akitwanga. Nikamweleza yote, tangu makuti mpaka viatu. Hakukatiza. Nilipomaliza aliuegemeza mchi kwenye kinu.

"Erastus kasema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mama. Kasema mimi ni wa makuti."

"Na minazi?"

"Pesa za nyumba zisiporudi, minazi imekwenda. Na mbuzi wako."

Akaushika tena mchi, asitwange. Kisha akauliza, "Mapenzi mimba yake imefika wapi?"

"Inaonekana."

"Basi mara hii imeshika," akasema polepole. Mnakumbuka Mapenzi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na mama alizilia zote mbili kuliko mwenyewe.

"Utakuja, mama?"

"Nitakuja."

"Utasema?"

"Nitasema wewe ndiwe Nyamvula. Kwani kuna mwingine niliyemzaa?"

Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Jumatano nilikwenda kisimani. Niliporudi nilikuta alama za magurudumu ya baiskeli uani, na karibu na kinu nyayo za viatu, pana, zenye kisigino kipya. Mama alikuwa ananawa uso, macho mekundu.

"Nani alikuja, mama?"

"Hakuna."

"Hizi nyayo za nani?"

"Nimesema hakuna. Tia maji mtungini."

Mama hakuwahi kunidanganya kabla ya siku hiyo, kwa hiyo sikujua uongo wake unafananaje. Nikatia maji mtungini.

Alhamisi tuliondoka mapema. Njiani mama alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipokuwa mdogo. Tulipofika karibu na Kisauni aliniuliza, "Nyamvula, wakimfunga mtu gerezani, mtoto wake anazaliwa wapi?"

"Mtoto hafungwi, mama."

"Na mama yake?"

Nikasema sijui. Akaniachia mkono ili ajifunge leso upya, na hakunishika tena.

Baraza la Bi Mwanasaumu lilikuwa limejaa kama siku ya harusi. Wale waliocheka walikuja na wenzao. Kioko hakutaka mchezo, alikuwa amekuja na askari. Mwikali alinipungia mkono, maskini, kama mtu anayemjua mwuza makuti wake. Erastus alisimama ukutani. Mapenzi alikuwa ameketi karibu na Bi Mwanasaumu, amevaa ile leso mpya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema.

Mama akasalimu. Akapewa kiti, akakataa. Akapewa maji, akayashika asiyanywe.

"Mama yangu," Bi Mwanasaumu akamwambia kwa heshima, "umetoka mbali, sitakuchosha. Kijana huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Ana dada?"

"Anaye. Mmoja."

"Aitwa nani?"

"Nyamvula."

"Wako wanawake wawili hapa mbele yako. Kila mmoja asema yeye ndiye. Mimi nimekwisha kukosa mara moja, au sikukosa, Mungu ajua. Weye ndiwe uliyezaa. Mwenye jina ni yupi?"

Mama akanitazama. Nikamtabasamia. Nilitaka ajue kwamba siogopi, kwamba akisema tu tutakwenda kwa Mzee Ruwa siku hiyo hiyo, tutamshusha yule mgema mnazini, na mbuzi watarudi. Hayo yote niliyatia katika tabasamu hilo kwa sababu sikuweza kuyasema mbele ya watu.

Akamtazama Erastus. Erastus alikuwa akilia. Hakufuta machozi, aliyaacha yatiririke ili mama ayaone.

Kisha mama akaweka kikombe cha maji chini, akaanza kutembea. Alikuja kwangu. Nikanyoosha mkono.

Akanipita.

Alinipita kama mtu anavyopita kando ya nguzo ya mlango, mpaka alipoketi Mapenzi. Akainama, akamshika mkono, na mkono wake wa pili akauweka juu ya tumbo lile.

"Nyamvula ni huyu," akasema.

Mtu mmoja akasema "Alaa!" Bi Mwanasaumu akashusha pumzi, kama mwenye mzigo uliotuliwa.

"Na yule?" akauliza. "Wamjua?"

Mama hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na fundo la leso yake alilolifunga njiani.

"Huyo simjui."

Mapenzi alianza kulia kwa sauti. Mama alimpapasa kichwa akimwambia, nyamaza, mwanangu, nyamaza Nyamvula, na kila alipolitaja jina hilo sauti yake ilizidi kuwa nyepesi, kama amelizoea.

"Basi," Bi Mwanasaumu akasema. "Nalisema, nami sirudi nyuma."

Kioko alimtazama askari. Askari akaweka kofia yake sawa, akashuka kizingiti cha baraza, watu wakampisha. Mwikali akasema, "Lakini ni mwuza makuti tu, mwacheni," na mumewe akamwambia anyamaze.

Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wangu bado umenyooka. Nikaurudisha.

Askari alitoa kipande cha karatasi mfukoni na penseli nyuma ya sikio. Akailowesha ncha kwa ulimi.

"Haya, mama," akaniambia. "Jina lako nani?"